Upeo wa macho unapotoweka: ndege ndogo, usiku na maji

Usiku wa tarehe 16 Julai 1999, ndege ndogo ya injini moja ilianguka katika bahari ya Atlantiki, kilomita zisizozidi 15 kutoka kisiwa cha Martha's Vineyard, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Waliokuwamo walikuwa watatu: John F. Kennedy mdogo, mwana wa rais aliyeuawa mwaka 1963, ambaye ndiye aliyekuwa akiirusha. Mkewe, Carolyn Bessette. Na Lauren, dada wa Carolyn. Wote walifariki dunia. Hapakuwa na dhoruba usiku ule, na wachunguzi hawakuona dalili ya hitilafu katika injini. Taarifa za hali ya hewa alizozipata rubani kabla ya kuondoka zilisema kwamba anga ilikuwa wazi.

Karibu mwaka mmoja baadaye, Julai 2000, Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafirishaji ya Marekani ilitoa ripoti yake. Chanzo kilielezwa kwa maneno machache: rubani alishindwa kuidhibiti ndege ilipokuwa ikishuka juu ya maji usiku, na alishindwa kwa sababu alipotewa na mwelekeo. Giza na ukungu mwembamba vilitajwa kuwa mambo yaliyochangia.

Maneno hayo, kupotewa na mwelekeo, yanahitaji kufafanuliwa, kwani katika lugha ya kila siku yana maana nyingine. Mtu aliyepotea njia hajui aliko. Rubani aliyepotewa na mwelekeo anaweza kujua vizuri kabisa mahali alipo kwenye ramani. Asichokijua ni juu ni wapi na chini ni wapi. Anaamini mabawa yako sawa ilhali moja limeinama kuelekea baharini. Imani hiyo haitokani na uzembe wala woga, bali na viungo vyake vya mwili ambavyo vinafanya kazi kama vilivyoumbwa.

Safari ya saa moja

Ndege ile, aina ya Piper Saratoga, iliondoka uwanja wa Essex County katika jimbo la New Jersey saa 2 na dakika 38 usiku. Huko Martha's Vineyard jua lilikuwa limetua saa 2 na dakika 14. Msomaji wa Ikweta aliyezoea magharibi ya saa kumi na mbili na nusu atashangaa, lakini Julai ni kiangazi huko kaskazini na mchana ni mrefu. Kennedy alikuwa amepanga kufika uwanjani mapema zaidi, jua likiwa bado juu. Ucheleweshaji huo wa saa chache ndio uliogeuza safari ya mchana kuwa ya usiku. Alikusudia kumshusha shemeji yake Martha's Vineyard, kisha aendelee na mkewe hadi Hyannis kwenye harusi ya mtu wa ukoo.

Hakuwa mgeni wa njia ile. Katika miezi 15 iliyotangulia alikuwa ameruka kwenda au kutoka eneo hilo mara 35 hivi, na mara zisizopungua 17 kati ya hizo aliruka bila mkufunzi. Lakini ukiichambua hesabu, picha inabadilika. Kati ya safari hizo alizoruka bila mkufunzi, zisizopungua tano zilikuwa za usiku. Kwa jumla alikadiriwa kuwa na saa 310 za kuruka, 55 kati yake usiku. Katika ndege hiyo yenyewe alikuwa na saa 36 hivi, na saa alizoirusha usiku bila mkufunzi pembeni hazikutimia hata moja. Alikuwa amefika nusu ya mafunzo ya kuruka kwa kutegemea ala, yaani kuiongoza ndege kwa kusoma vipimo vilivyo mbele yake bila kuhitaji kuona nje. Kwa mujibu wa ripoti, mkufunzi mmoja alijitolea kwenda naye jioni ile, naye akajibu kwamba alitaka kuruka peke yake.

Kwa muda mrefu safari ilikwenda vizuri. Ndege ilipaa hadi futi 5,500, karibu mita 1,680, ikafuata pwani kuelekea mashariki. Chini yake zilikuwapo taa za miji ya Connecticut, mstari usiokatika, na mstari wa namna hiyo humtosha rubani kujua kwamba mabawa yako sawa. Kisha pwani ya Rhode Island ikaachwa nyuma. Mbele kulikuwa na maji matupu ya upana wa maili 30, na ng'ambo yake kisiwa.

Hapo ndipo mambo yalipobadilika, bila wingu wala tone la mvua. Mwezi ulikuwa mchanga, umeangaza chini ya robo, nao ulikuwa chini upande wa magharibi, nyuma ya ndege. Ukungu mwembamba wa kiangazi ulikuwa umetanda juu ya maji. Viwanja vya pwani viliripoti kwamba mtu aliweza kuona umbali wa maili 5 hadi 8, kiwango kinachoruhusiwa kisheria. Hata hivyo, marubani wengine waliopita njia kama hiyo usiku ule waliwaambia wachunguzi kwamba juu ya maji hawakuona upeo wa macho kabisa. Mmoja wao alitazama chini mahali ambapo kisiwa kilipaswa kuwa, asione taa hata moja, akadhani labda umeme umekatika kisiwani.

Ushahidi huo wa mtu mmoja unaeleza zaidi kuliko takwimu zote za hali ya hewa. Kuona umbali wa maili nane si kitu kama hakuna cha kuonwa. Mpimaji aliyesimama uwanjani, akizungukwa na taa za majengo anazojua umbali wake, anapima uwazi wa hewa. Rubani aliye juu ya maji meusi anahitaji kitu kingine kabisa: mstari unaotenganisha mbingu na dunia. Neno "wazi" katika taarifa ya hali ya hewa halimwahidi mstari huo.

Rada ilirekodi dakika za mwisho. Yapata maili 34 kabla ya uwanja wa Martha's Vineyard, ndege ilianza kushuka taratibu. Ilipobakiza maili 7 hivi kufika ufukweni iligeuka kulia. Ikaacha kushuka kwenye futi 2,200, ikapanda tena hadi 2,600, ikageuka kushoto, ikaanza kushuka upya, kisha ikageuka kulia kwa mara nyingine. Katika zamu hiyo ya mwisho mwendo uliongezeka na kasi ya kushuka ikapita futi 4,700 kwa dakika, sawa na mita 1,430. Rada iliiona mara ya mwisho kwenye futi 1,100. Kwa kasi ile, kimo hicho humalizika kwa sekunde zisizofika 15. Ndege iligonga maji ikiwa imeelekeza pua chini, saa 3 na dakika 41 usiku. Hakuna wito wa dharura uliosikika.

Sikio linalosema kweli yake

Binadamu husimama wima kwa msaada wa macho, ngozi na misuli, pamoja na kiungo kidogo kilichomo ndani ya sikio. Kiungo hicho kina mirija mitatu iliyopinda nusu duara, kila mmoja ukielekea upande wake, na ndani yake mna majimaji. Kichwa kikigeuka, mirija hugeuka nacho, lakini majimaji huchelewa kidogo. Vinyweleo vilivyomo humo hupindwa, na ubongo hupata habari kwamba kuna mzunguko. Kwa mtu atembeaye kwa miguu utaratibu huu unatosha.

Angani una kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba mgeuko wa polepole sana, chini ya nyuzi mbili hivi kwa sekunde, hausisimui vinyweleo. Ndege inaweza kuinama kidogo kidogo hadi ikalala ubavu na waliomo wasihisi lolote. Chai kwenye kikombe haitamwagika. Ya pili ni kwamba mgeuko unaoendelea kwa kasi ileile huacha kuhisiwa baada ya sekunde 10 hadi 20, kwa sababu majimaji huwa yameshafikia mwendo wa mirija. Ubongo unaambiwa: tumenyooka. Rubani akitambua kosa kwenye vipimo na kuinyoosha ndege, majimaji yanaendelea kwenda, na sasa anahisi kwa nguvu zote kwamba amegeuka upande wa pili. Mtoto anayejizungusha uwanjani kisha akasimama ghafla huijua hali hiyo. Dunia huendelea kumzunguka naye huanguka. Yeye huangukia majani.

Katika sikio hilohilo mna pia vijiwe vidogo mno vya chokaa ambavyo hupima mvutano wa ardhi. Navyo hudanganyika. Ndege inapoongeza mwendo, vijiwe husukumwa nyuma, na ubongo hutafsiri kwamba pua imeinuka. Rubani anayepaa usiku kutoka uwanja unaoishia baharini huwa na mambo yote mawili kwa wakati mmoja: mwendo unaoongezeka na giza mbele. Akiitii hisia, atasukuma usukani mbele ili kuishusha pua ambayo haikuinuka kupita kiasi, na maji hayako mbali.

Mchana, jicho hulisahihisha sikio mara elfu kwa saa bila mtu kujua. Mtazamo mmoja wa upeo wa macho unatosha kuyafuta makosa yote. Usiku juu ya nchi kavu, taa za vijiji na barabara hufanya kazi hiyo kwa kiasi. Juu ya bahari au ziwa lisilo na mwezi, msahihishaji hayupo, na sikio huachiwa kuamua peke yake.

Mzunguko wa kushuka

Kinachofuata kina mpangilio unaojulikana. Bawa moja huinama bila rubani kuhisi. Ndege iliyoinama hugeuka, na nguvu inayoiinua haielekei tena juu moja kwa moja, hivyo huanza kushuka na mwendo wake kuongezeka. Rubani huona kimo kinapungua, au husikia mlio wa upepo ukiongezeka, naye hufanya jambo la kawaida kabisa: huvuta usukani ili ainue pua. Lau mabawa yangekuwa sawa, ndege ingepanda. Kwa kuwa yameinama, kuvuta kunakaza mzunguko tu, ndege inashuka kwa kasi zaidi, naye anavuta zaidi. Marubani wa Kiingereza wameupa mzunguko huu jina la makaburi.

Njia ya kutoka ipo, nayo si ngumu kuieleza: punguza nguvu ya injini, sawazisha mabawa kwanza, kisha ndipo uinue pua. Ugumu uko katika mpangilio huo, kwani mwili mzima unataka pua iinuke kwanza. Isitoshe, ili asawazishe mabawa, rubani lazima akubali kuamini kisahani kidogo kiitwacho upeo bandia, chenye mstari wa mbingu na ardhi, wakati kila mshipa wake unamwambia kwamba kisahani hicho kimeharibika.

Mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois walilipima jambo hili. Walichukua marubani 20 wasiokuwa na mafunzo ya kuruka kwa ala, wakawapandisha ndegeni pamoja na msimamizi, kisha wakawazuia wasiweze kuona nje. Wote 20 walipoteza udhibiti. Kumi na tisa waliingia katika mzunguko wa kushuka; mmoja aliinua pua mpaka ndege ikaishiwa na nguvu ya kuelea. Aliyewahi zaidi kupoteza udhibiti alitumia sekunde 20, aliyechelewa zaidi alitumia dakika nane, na wastani ulikuwa sekunde 178, yaani dakika tatu kasoro sekunde mbili. Takwimu hiyo imebandikwa kwenye kuta za vyuo vingi vya urubani.

Sehemu ya pili ya utafiti huo haitajwi sana, na huo ni upungufu, maana ndiyo iliyokuwa shabaha yake. Marubani walewale walifundishwa utaratibu mfupi wa kuigeuza ndege taratibu, nyuzi 180, na kurudi walikotoka kwa kutazama ala chache tu. Baada ya mafunzo hayo machache, karibu kila jaribio lilifaulu. Kwa hiyo kutojua kuruka kwa ala si hukumu ya kifo kwa lazima. Kinachoua ni kuendelea mbele.

Hata waliofuzu hawaingii katika ala papo hapo. Waraka wa mamlaka ya anga ya Marekani, ulionukuliwa katika ripoti ya Kennedy, unasema kuwa rubani mwenye kibali cha ala anaweza kuhitaji hadi sekunde 35 kuishika ndege sawasawa baada ya kupoteza ghafla alama za nje. Zamu ile ya mwisho ya kulia, tangu ilipoanza mpaka majini, haikufika dakika moja.

Taa zinazodanganya

Giza tupu si hatari pekee. Mara nyingine hatari ni taa chache mahali pasipo na kitu kingine. Jicho likikazia taa moja gizani kwa sekunde kadhaa, taa huanza kuonekana kama inatembea, na wako marubani walioifuata nyota wakidhani ni ndege nyingine. Mstari wa taa za ufukwe uliokaa mshazari huweza kuchukuliwa kuwa upeo wa macho, na rubani akalaza bawa ili alingane nao.

Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria, Tanganyika na pwani ya Zanzibar hutoka na taa zao hasa katika usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, kwa kuwa mwanga wa mwezi huwatawanya samaki. Usiku huohuo ndio usio na upeo wa macho. Kutoka juu, mamia ya taa hizo hufanana na nyota, na mpaka baina ya ziwa na mbingu hufutika; rubani anaweza kuona nyota juu yake na nyota chini yake, na akili ikachagua isivyo. Vitabu vya mafunzo ya urubani huzitaja taa za mashua za uvuvi kwa jina miongoni mwa vyanzo vya hadaa hii.

Uwanja wa ndege wenyewe nao hudanganya. Njia ya kutua iliyowashwa taa, ikiwa imezungukwa na maji au pori lisilo na mwanga, humfanya rubani anayeikaribia ajione yuko juu kuliko alivyo. Hushuka mapema. Wengi wamegusa maji kabla ya kuifikia njia, ndege ikiwa nzima na rubani akiamini yuko sawa hadi sekunde ya mwisho.

Sala, na hewa isiyo na harufu

Miaka 20 baada ya Kennedy, ajali ya namna hiyo iligusa mashabiki wa soka duniani kote. Tarehe 21 Januari 2019 mshambuliaji wa Argentina, Emiliano Sala, aliyekuwa amejiunga karibuni na klabu ya Cardiff City, alipanda ndege aina ya Piper Malibu mjini Nantes, Ufaransa. Ilikuwa usiku, na njia ilipita juu ya bahari inayotenganisha Ufaransa na Uingereza. Rubani aliwaomba waongozaji wa ndege ruhusa ya kushuka ili aendelee kuona nje. Karibu na kisiwa cha Guernsey ndege ilitoweka kwenye rada. Mabaki yalipatikana tarehe 3 Februari chini ya bahari, katika kina cha zaidi ya mita 60. Mwili wa Sala ulitolewa. Wa rubani haukupatikana.

Wachunguzi wa Uingereza, katika ripoti yao ya Machi 2020, walihitimisha kuwa rubani alipoteza udhibiti akiwa katika kona aliyoigeuza kwa mkono, yumkini akijaribu kuyakwepa mawingu, na kwamba ndege ilikatika angani kwa kupita mno mwendo iliyoundwa kuustahimili. Hakuwa na kibali cha kuruka usiku, wala leseni yake haikumruhusu kuchukua abiria wa kulipa. Kulikuwa na jambo jingine lililofichika. Damu ya Sala ilikuwa na kiwango kikubwa mno cha kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu inayotoka kwenye moshi wa injini na inayoweza kupenya ndani kupitia mfumo wa kupasha joto. Yumkini ilimwathiri rubani pia. Wachunguzi walipendekeza ndege za aina hiyo ziwe na kifaa cha kuitambua hewa hiyo, kifaa kidogo kisicho ghali. Mfanyabiashara aliyepanga safari alitiwa hatiani mwaka 2021 kwa kuhatarisha usalama wa ndege, akahukumiwa kifungo cha miezi 18.

Si ndege ndogo pekee

Ingekuwa faraja kudhani kwamba haya ni mambo ya marubani wa mapumziko ya mwisho wa juma. Afrika Mashariki inajua sivyo. Tarehe 5 Mei 2007, ndege ya Kenya Airways aina ya Boeing 737-800 ilipaa Douala, Cameroon, muda mfupi baada ya saa sita ya usiku, ikielekea Nairobi. Watu 114 walikuwamo. Mbele ya njia ya kurukia kulikuwa na giza la mikoko na mvua ya radi karibu. Ndege ikaanza kuinamia kulia polepole sana, na kwa karibu dakika nzima hakuna aliyeirekebisha. Nahodha aliamini kuwa mtambo wa kujiongoza ndio uliokuwa ukiishika. Kengele ya onyo ilipolia, vitendo vyake vya kwanza viliongeza mwinamo badala ya kuupunguza. Ilianguka kwenye kinamasi kilomita chache tu kutoka uwanjani, na hakuna aliyenusurika. Ripoti ya Cameroon ilitaja jambo lilelile: kupotewa na mwelekeo, usiku, bila alama za nje, ala zikiwapo lakini hazitazamwi.

Ajali hii isichanganywe na ile ya Precision Air ziwani Bukoba, Novemba 2022, iliyoua watu 19 kati ya 43. Ile ilitokea asubuhi, wakati wa kukaribia kutua katika hali mbaya ya hewa.

Kanuni, na saa ya mwisho ya kuondoka

Nchi hazilingani katika kulishughulikia jambo hili. Marekani humruhusu rubani mwenye leseni ya binafsi kuruka usiku kwa kuona nje, bila kibali cha ala, na ndivyo Kennedy alivyokuwa akifanya. Hakuvunja sheria yoyote kwa kuondoka. Uingereza na Canada hutaka kibali cha usiku kinachoongezwa juu ya leseni. Lakini hata kibali hicho hakiumbi upeo wa macho pale usipokuwapo, na walimu wengi wa urubani huwaambia wanafunzi wao wauchukulie usiku usio na mwezi juu ya maji kuwa ni sawa na kuwa ndani ya wingu, hata kama nyota zinaonekana.

Mengine ni ya uamuzi wa kabla ya safari. Saratoga ya Kennedy ilikuwa na mtambo wa kujiongoza uliokuwa na uwezo wa kushika mwelekeo na kimo. Njia ndefu kidogo, yenye kufuata taa za pwani hadi Cape Cod, ingempunguzia sana masafa ya majini. Kiti cha mkufunzi kilikuwapo. Hata hoteli za pwani zilikuwapo.

Katika visiwa na maziwa ya Afrika Mashariki, kutoka Mafia hadi Ukerewe na Kalangala, suala hili hukutana na mambo mawili ya mahali. La kwanza ni kwamba viwanja vidogo vingi havina taa, kwa hiyo ndege ndogo hutakiwa ziwe chini kabla ya giza. La pili ni machweo. Huko Martha's Vineyard, mwanga wa jioni unaomwezesha mtu kuona vizuri ulidumu zaidi ya nusu saa baada ya jua kutua. Karibu na Ikweta hauzidi dakika ishirini na kitu. Rubani aliyechelewa kwa sababu abiria mmoja alikwama kwenye foleni ya magari hana jioni ndefu ya kumfichia kosa.

Ndiyo maana marubani wa huku wanaojua kazi yao huhesabu kurudi nyuma. Ikiwa jua litatua saa 12 na dakika 40 na safari ni ya dakika 50, saa ya mwisho ya kuondoka haiwi saa 11 na dakika 50. Huondolewa kwanza nusu saa ya upepo wa mbele usiotarajiwa na ya kuzunguka kusubiri zamu ya kutua. Kisha huondolewa muda wa kufika uwanja mwingine iwapo wa kwanza utakuwa umefunikwa na mvua, au ng'ombe wamelala njiani. Hesabu hiyo huishia karibu na saa 10 na nusu. Abiria anayefika saa 11 akiwa na mizigo yake, akioneshwa jua ambalo bado linawaka, huona anaonewa.